Imekubali, Imekataa

Kwa miaka kumi na mmoja baba mkwe wangu na mimi hatukuwa tumeshikana mkono hata mara moja. Usidhani tulikuwa na ugomvi. Kwa watu wa kwetu, magharibi mwa Kenya, ndivyo wakwe wanavyoheshimiana: mke wa mwana hampi baba mkwe kitu mkononi, hakalii kiti alichotoka kukikalia, na wakikutana mlangoni mmoja wao hurudi nyuma. Nikimpelekea chai niliweka kikombe mezani, nikasogea hatua mbili, ndipo akakichukua. Watoto wangu, waliozaliwa hapa Maryland, walidhani ndivyo chai inavyoandaliwa.

Desturi hiyo ilitungwa na watu wenye boma lenye nyumba tano. Sisi tulikuwa na jiko moja. Mama mkwe alipofariki, mume wangu aliamua tutoke kwenye fleti yetu ya Wheaton tukaishi na mzee kwenye nyumba yake Bowie. Mimi sikuulizwa, na ningeulizwa ningejibu kwa maneno yasiyofaa kuandikwa hapa. Wheaton nilikuwa na treni karibu na maduka karibu; Bowie bila gari hununui hata chumvi. Nikahama hata hivyo, nikaanza maisha ya kupishana kwenye korido na mzee wa zaidi ya miaka themanini, kila mmoja akimkimbia mwenzake kwa heshima. Heshima si utumwa, wanasema. Waliosema hivyo hawakuwa wakisubiri choo.

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole virefu visivyotulia. Alikuja Amerika kijana kusomea uhandisi, ada ikamshinda, akaishia kuwa fundi wa kukereza vyuma katika maabara moja ya serikali mpaka akastaafu. Chini ya nyumba, kwenye karakana yake, alikuwa na kabati la chuma lenye kufuli mbili, na ndani yake bunduki nne za zamani, zote za komeo, zile ambazo kila ukipiga mara moja lazima uvute komeo kwa mkono, ganda litoke, usukume risasi nyingine. Risasi zake alizitengeneza mwenyewe. Mimi huko chini sikuwa nimewahi kukanyaga. Mimi ni muuguzi; kazi ya bunduki naijua kwa vile inavyoletwa kwetu juu ya machela.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Daktari alisema katikati ya jicho panakufa na pembeni panabaki. Mzee alieleza vizuri zaidi: akikutazama usoni, anaona masikio yako mawili na kati yake hakuna mtu. Mume wangu akasema bunduki ziuzwe, na mzee, ambaye sijawahi kumsikia akibishana na mwanawe, akakubali ziondoke mwisho wa kiangazi. Ila aliomba jambo moja. Kati ya zile nne, moja alikuwa hajaipiga. Ni ya aina ile ile ambayo baba yake alibebeshwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma. Baba yule alirudi na bega bovu na ukimya, hakusimulia chochote, ila alimfundisha mwanawe kwa kijiti cha mtama jinsi komeo lile linavyovutwa na kusukumwa. Mzee alitaka kupiga risasi tano kwa bunduki ile, alizozitengeneza mwenyewe, kabla macho hayajafunga duka. Tano tu.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nakata sukuma wiki. Mzee akatokea kwenye mlango wa ngazi za chini, akasimama mbali, akaanza kuongea na friji.

“Sijui kama nyumba hii iko na mtu mwenye anaweza kusoma namba ndogo ndogo,” aliiambia friji.

Nami nikaijibu friji hiyo hiyo. “Huenda yuko. Lakini kwa sasa anakata mboga.”

“Hakuna haraka,” akasema. Kisha akaongeza, taratibu, “Haraka iko kwa macho.”

Nilimhurumia sana, na mimi huruma yangu hutoka kama hasira. Nikaweka kisu chini kwa kishindo nikaiambia friji kwamba dakika ishirini tu, nina zamu kesho. Nilikaa huko chini kwa muda wa saa tatu.

Karakana ilikuwa safi kuliko wodi yangu. Bunduki ililala mezani juu ya kitambaa cha kijani, komeo limetolewa, na mzee akanieleza sheria ya kwanza: tunapopima, hakuna risasi hai katika chumba, hata moja, hata mfukoni. Sheria ya pili sikuhitaji kuambiwa. Kila alichotaka nikione alikiweka juu ya kitambaa, akaondoa mkono, nikakichukua. Nikimaliza, nikaweka, nikaondoa mkono. Ile desturi iliyokuwa ikitusumbua jikoni, huku chini ilifaa kana kwamba ilitungwa na mafundi. Hakuna kitu kilichoponyoka kati ya mikono miwili, na hakuna kilichobadili mikono kabla ya kuonekana.

“Tunatafuta nafasi,” akasema.

Akanieleza. Risasi ikiingia kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu, komeo huifungia kwa nyuma kama mlango. Kati ya uso wa komeo na kitako cha ganda lazima pawe na nafasi kidogo. Ikikosekana, mlango haufungi. Ikizidi, siku ukipiga, ganda linarushwa nyuma, linavutika, linaweza kupasuka, na moto wote unamrudia aliyeweka shavu pale. Akaweka kwenye kitambaa vipande viwili vya chuma, vinang'aa, kila kimoja kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Hizo ni geji, vyuma vya kupimia. Moja imechorwa GO, yaani pita, ya pili NO GO, usipite. Nilizigeuza geuza, nikaziweka pamoja kwenye taa, sikuona tofauti. Akasema tofauti ipo, haizidi unene wa karatasi mbili za daftari, na ndani ya karatasi hizo mbili ndimo unamokaa uso wa mtu.

Nikajikuta nashusha sauti, kama niko kanisani.

Tukaanza na ile ya GO, tukaitia kwenye chemba mahali pa risasi. Alirudisha komeo, likiwa limevuliwa vyuma vyake vidogo ili kisiwepo cha kudanganya, akaniambia nilisukume kwa kidole kimoja, bila nguvu. Kidole kimoja hakivunji chawa, tumefunzwa tangu utotoni, lakini hapo kidole kimoja ndicho kilichotakiwa. Komeo likashuka laini, likafunga.

“Imekubali,” nikasema.

“Vizuri.”

Tukaweka ya pili. Nikasukuma kwa kidole kile kile. Likashuka, likagusa, likasita kidogo, kisha likafunga taratibu. Nilifurahi vile mgeni anavyofurahia kazi ya kwanza. Nikapaza sauti: “Imekubali, Baba! Hii nayo imekubali!”

Mzee alikaa kwenye kiti chake kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Sisi Wakenya, jamani. Gari likiwaka, limekubali. Simu ikipiga, imekubali. Kitu kikiharibika, tunasema kimekataa, kana kwamba vyuma navyo vina kiburi. Nilikuwa nimetangaza kwa shangwe kwamba bunduki ile ingeweza kumrudishia moto usoni. Geji ya pili kazi yake ni kukataliwa. Komeo zuri hufungia ya kwanza na kukataa ya pili.

“Mama,” aliniambia, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza aniite bila kupitia friji, “huyu wa pili, akikataliwa, tunashukuru Mungu. Akikubaliwa, tunaweka bunduki chini.”

Niliona aibu, nikaficha aibu kwa kuuliza kwa ukali kama basi kazi imeishia hapo. Hakuwa mtu wa kuishia hapo. Akatoa kopo la zamani la tumbaku, na ndani yake vichwa vya komeo viwili vilivyofungwa kwa karatasi yenye mafuta. Bunduki za aina ile, kichwa cha komeo kinafunguliwa kwa kuzungushwa, na waliozitengeneza walitoa vyenye urefu tofauti kidogo kidogo, kila kimoja na namba yake, kwa sababu walijua chuma nacho huchoka. Kilichokuwa kwenye bunduki kilikuwa na namba moja. Nikamsomea zilizomo koponi: mbili, na tatu. Alikuwa ameviweka miaka, akijua siku itafika.

Namba mbili nayo ikakubali geji ya pili. Sikuipenda hata kidogo. Tukaweka namba tatu. Geji ya kwanza ikafungiwa, laini. Nikaweka ya pili, nikasukuma kwa kidole, na komeo likafika katikati ya njia likasimama. Nikangoja. Halikwenda. Hakuna aliyelisukuma wala kulizuia, ni karatasi mbili tu za hewa zilizokuwa zimeondolewa, na chuma cha umri wa baba yake mzee kikasema la.

“Imekataa,” nikasema. Nadhani nilikuwa sijawahi kuona “hapana” nzuri kiasi kile.

Mzee akacheka. Miaka kumi na mmoja sikuwa nimemsikia akicheka.

Tulishuka huko Jumamosi nyingi baada ya hapo. Binti yangu alisimama kwenye ngazi siku moja, akatutazama tulivyoinamia mizani, akasema, “Mom, are you guys okay?” Nikamwambia tuko sawa, aende akafue. Kutengeneza risasi kuna vitu vinne, na Kiswahili kina neno la kila kimoja, jambo ambalo mzee alilifurahia kama mtoto: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na risasi yenyewe juu. Shida ni kwamba ukimaliza, kile kizima nacho kinaitwa risasi. Mara ya kwanza aliponiambia “leta risasi” nikamletea nzima badala ya kichwa kitupu, na baada ya hapo tukakubaliana nzima iitwe “mtu”.

Siku ya maganda ndiyo siwezi kuisahau. Alikuwa na maganda yaliyokwisha kupigwa na mmiliki wa kwanza wa bunduki ile, wakati nafasi ilikuwa imezidi. Nikayaangalia kwa taa, moja moja, nje na ndani, kwa macho yangu mazima yanayosoma alama ndogo kwenye sindano. Yote yalikuwa safi. Nikamwambia hivyo. Akachukua waya mwembamba alioupinda ncha, akauingiza ndani ya ganda, akaukokota polepole ukutani kuelekea kitako, huku amefumba macho. Akalitenga. La pili akaliacha. La tatu akalitenga.

“Tia waya hapa,” akasema, akiliweka ganda kwenye kitambaa na kuondoa mkono.

Nikatia. Mwanzoni sikuhisi chochote. Nikarudia, nikafumba macho kama yeye, na karibu na kitako ncha ikaanguka ndani ya mfereji mdogo sana, ikatoka upande wa pili. Ganda lilikuwa limevutika hapo, limebaki jembamba, likingoja kupigwa mara moja tu likatike. Nje linang'aa kama pete ya harusi. Mimi niliyeitwa kwa ajili ya macho nilikuwa nimepitisha kitu hicho, na kipofu ndiye aliyekikataa. Aliyatenga manane, akayaponda kwa koleo yote ili mtu mwingine asije akayaokota.

Kwenye mizani tulifanya kama tunavyofanya hospitalini kwa dawa za hatari. Yeye anataja kipimo kutoka kwenye kitabu alichokijua kwa moyo, mimi nakitafuta kitabuni na kumsomea, yeye anarudia, ndipo namimina. Tulipimia punje kwa punje, na kitabu kilisema tuanzie kipimo cha chini, nasi tukaanzia chini. Mara moja nilikuwa nimetoka zamu nimechoka, nikasoma mstari wa chini yake. Akaniambia, bila ukali, “Hapana, soma tena.” Nikaenda nikanawa uso. Tulitengeneza watu watano, na siku tuliyomaliza akawapanga kwenye kitambaa akawagusa kila mmoja kichwani kwa kidole.

Siku hiyo hiyo alichukua fimbo ya ufagio akanionyesha komeo lilivyovutwa kwa kijiti cha mtama: juu, nyuma, mbele, chini, bila shavu kuondoka. Alinifanya nirudie kwa bunduki tupu mpaka mkono ukauma. Nikamuuliza ya nini, mimi si wa kupiga. Hakunijibu hilo. Alisema kitu kingine.

“Mimi mwenyewe sijipimi,” alisema. “Kijana wangu ananipenda, hawezi kunipima. Siku ukiona sifai, usinistahi. Utanikataa.”

Nikasema sawa, Baba, kwa wepesi ule wa kumwitikia mzee. Mke wa mwana amkatae baba mkwe? Kwetu hilo hata halina neno.

Tulikwenda asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa Agosti, mimi nikiendesha, yeye kiti cha nyuma kwa heshima zetu, bunduki kwenye mfuko wake na watu watano kwenye boksi tofauti. Uwanja wa shabaha ulikuwa katikati ya msitu, mwendo wa karibu saa nzima kutoka Bowie. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani. Akaweka bunduki mezani, komeo wazi, chemba tupu, mtutu ukielekea mbele. Akaketi. Akavuta pumzi. Alionekana kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Mbele yetu kulikuwa na mlingoti wenye bendera nyekundu. Ikipandishwa, watu wako kwenye shabaha na hakuna anayegusa bunduki. Ilikuwa ndiyo kwanza imepandishwa. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza mgonjwa leo ni siku gani, bila kufikiria sana: “Baba, uwanja ukoje?”

Akatazama mbele moja kwa moja. Akatazama vizuri, kwa uangalifu wote aliokuwa nao.

“Bendera iko chini,” akasema. “Hakuna mtu. Iko sawa.”

Palikuwa na mwanamume mwenye shati la njano anatembea kwenye nyasi, katikati kabisa, akibeba karatasi za shabaha. Alisimama akainama, hasa pale ambapo katika macho ya baba mkwe wangu palikuwa pamekufa.

Mzee angepiga? Hapana, bunduki ilikuwa tupu, msimamizi wa uwanja yupo, nami nipo. Lakini nilijua nilichokiona. Nilitamani kunyamaza. Nilitamani yule mtu aondoke, bendera ishuke, mzee apige zake tano, turudi nyumbani tule. Wiki zote zile, kopo la tumbaku, waya, shati jeupe. Nani angejua?

“Baba,” nikasema, “imekubali.”

Akageuza kichwa pembeni, ili anione kwa ukingo wa jicho.

“Imekubali?”

“Bendera iko juu. Kuna mtu pale katikati. Macho yamekubali yasiyofaa kukubaliwa.” Nikaanza kulia, na nikakasirika kwamba nalia. “Nimekukatalia, Baba. Nisamehe. Nimekataa.”

Yule mtu wa shati la njano akarudi, bendera ikashuka, watu wengine wakaanza kupiga, na mzee bado ameweka mikono yake juu ya magoti. Nilidhani nimemvunja moyo. Kisha akainuka kwenye kiti kile, akasimama pembeni yake, akakipangusa kwa kiganja.

“Vizuri,” akasema. “Geji imefanya kazi yake. Kaa hapa, mama.”

Kiti alichotoka kukikalia. Nikamtazama. Akangoja tu, kama anavyongoja chai. Nikakaa.

Akafungua boksi kwa kugusa, akatoa mmoja wa wale watano. Nikatazama mezani, nikatafuta atamweka wapi, nikasogeza mkono wangu pembeni ili nimpishe. Hakumweka. Alinyoosha mkono wake hewani, kiganja juu, kati yake na mimi, na ukabaki pale.

“Shika,” akasema.

Vidole vyangu vikagusa kiganja cha baba mkwe wangu. Kilikuwa kikavu na chenye joto, na kigumu kuliko nilivyodhania. Nikamtia mtu wetu kwenye chemba, nikasukuma komeo, likafunga. Sikumbuki kufyatua. Nakumbuka kishindo kilichoingia kifuani, bega likirudi nyuma, miti yote ya msitu kana kwamba imeshtuka pamoja nami, na uso wangu ukiwa bado uso wangu. Nikavuta komeo bila kuondoa shavu, juu, nyuma, na ganda likaruka likaanguka miguuni.

Nikaliokota lingali moto, nikamwekea kiganjani. Akatoa waya mfukoni mwa shati la kanisani, akafumba macho, akaukokota ndani polepole mpaka kwenye kitako. Akarudia. Machozi yalikuwa yakimtoka kwenye macho yale yale yaliyofumbwa, wala hakuyapangusa.

“Laini,” akasema. “Lete mkono. Wamebaki wanne.”